Kuambatana kwa jeni: dhana iliyoonyesha ilipo BRCA1, jeni ambayo ikiharibika huleta saratani ya matiti ya kurithi

Vipande viwili vya DNA vilivyo jirani kwenye kromosomu moja huelekea kurithiwa pamoja. Huko ndiko kuambatana. Mwili unapotengeneza yai au mbegu ya kiume, kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande. Vilivyo mbali hutenganishwa mara nyingi, vya karibu ni nadra. Vikitenganishwa mara 1 kati ya 100, husemwa viko umbali wa sentimogani 1, ambayo kwa binadamu ni takriban herufi milioni 1 za DNA.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kujua jeni inakaa wapi hata kama hujui inafanya kazi gani. Mary-Claire King, mwanajenetiki wa Marekani, aliitegemea dhana hii alipoanza kuchunguza saratani ya matiti mwaka 1974, wakati wazo la jeni moja kurithisha ugonjwa huo halikuwa na wafuasi wengi. Kabla ya kutafuta mahali, ilibidi aonyeshe kwamba kuna kitu cha kutafutwa. Mwaka 1988 yeye na wenzake walichapisha hesabu za familia 1,579: kuugua kwa pamoja katika baadhi ya familia kulieleweka vizuri zaidi kukichukuliwa kuwa kunatokana na jeni moja yenye nguvu, ambayo mzazi humpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Kazi yenyewe huanza na mchoro wa ukoo: nani aliugua, akiwa na umri gani, nani ni mzima. Kisha hutolewa damu ya wazima na wagonjwa, na kila mtu hupimwa alama, yaani sehemu ya DNA inayotofautiana kati ya watu. Alama ya D17S74, kwa mfano, ni kipande kinachojirudia, na idadi ya marudio si sawa kwa wote. Swali ni moja: je, ndani ya ukoo huu, aina fulani ya alama inasafiri pamoja na ugonjwa? Mzazi aliyerithi aina ileile pande zote mbili hasaidii kitu, kwa sababu huwezi kujua amempa mtoto kromosomu ipi.

Jibu hupimwa kwa lod, kipimo ambacho kila kikiongezeka 1, uzito wa ushahidi huongezeka mara 10. Lod ya 3 maana yake ushahidi wa kuambatana una uzito mara 1,000 kuliko wa bahati tu, na kwa desturi hapo ndipo mtafiti huanza kuamini.

Saratani ya matiti huivuruga hesabu hii vibaya. Ni ugonjwa wa kawaida, kwa hiyo hata katika ukoo wenye jeni mbovu atapatikana mwanamke aliyeugua bila kuirithi. Mwingine ameirithi na hajaugua. Wanaume huibeba kimya, na ndiyo maana anayeandika historia ya ukoo akiwasahau mashangazi upande wa baba hupoteza nusu ya taarifa. Zaidi ya yote, familia mbalimbali zinaweza kuwa na jeni tofauti. Ukizijumlisha, ushahidi wa hizi unafutwa na zile.

King na timu yake walikuwa na koo 23 zenye wagonjwa 146. Ufumbuzi ulikuja walipozipanga kwa umri wa kuugua. Nauona uamuzi huo kuwa mzito kuliko kifaa chochote cha maabara yao: katika koo za waliougua mapema, lod ya D17S74 ilifika 5.98, karibu milioni 1 kwa 1. Katika zile za waliougua uzeeni ilikuwa hasi, yaani ushahidi ulipinga kuambatana. Matokeo yalichapishwa Desemba 1990. Mahali ni 17q21, yaani mkono mrefu wa kromosomu ya 17.

Lakini kuambatana hukuonyesha mtaa, si nyumba. Mtaa huo una jeni nyingi, na ilichukua hadi 1994 kwa timu iliyoongozwa na Mark Skolnick huko Utah kuitoa BRCA1 yenyewe, jeni ya protini yenye asidi-amino 1,863. Kwamba inashiriki kukarabati DNA iliyokatika kulijulikana baadaye. Nazo koo ambazo ugonjwa wao haukuambatana na kromosomu ya 17 hazikutupwa: mwaka huohuo wa 1994 koo za namna hiyo zilitumika kuonyesha mahali pa BRCA2, kwenye kromosomu ya 13.