Je, Wajua Kwa Nini Finchi Pundamilia Huimba Wimbo wa Baba Yake?

Kaa karibu na tundu la finchi pundamilia, ndege mdogo wa kufugwa, alfajiri, kabla hawajaanza kugombania chombo cha mbegu. Utasikia kwanza vilio vifupi, "tet, tet, tet", kama tarumbeta ya mtoto inayopulizwa kwa pumzi ndogo. Hivyo hutolewa na wote, madume kwa majike. Ni namna yao ya kuambiana "nipo hapa". Kisha dume mmoja atajinyoosha juu ya kijiti, ajitutumue manyoya ya kifuani, aanze kuimba: vilio vichache vya kufungulia, halafu msururu wa sauti chache zinazofuatana mbiombio na kwisha ndani ya sekunde moja hivi. Anaurudia. Anaurudia tena.

Sasa msikilize mwanawe wa kiume aliyekwisha kukua, kwenye tundu la pili. Ni msururu ule ule, sauti kwa sauti, hata ile ya katikati inayokwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Wafugaji wengi wakisikia hivyo husema ni damu, kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini wimbo huo kijana hakuzaliwa nao. Aliusomea, na alikuwa na muda mfupi sana wa kuusoma.

Ndege tunayemzungumzia asili yake ni Australia, na yuko katika familia moja na mishigi na tongo. Ana uzito wa gramu 12 hivi, akikaa kiganjani humhisi. Dume ana mdomo mwekundu, mashavu ya rangi ya chungwa, ubavu wa kahawia wenye madoa meupe, na kooni mistari myembamba myeusi kwa myeupe iliyomletea jina la pundamilia. Jike ni wa kijivu, hana mashavu ya rangi, na haimbi kamwe. Kuimba ni kazi ya dume, na kila dume ana wimbo mmoja tu wa maisha. Kanari anaweza kubadilisha nyimbo zake mwaka hadi mwaka; finchi pundamilia akishaushika wake, ndio huo mpaka kufa.

Tunajuaje kwamba ni masomo na si damu? Katika miaka ya 1960, mtafiti Mjerumani Klaus Immelmann aliwapa tongo wa kufugwa mayai ya finchi pundamilia. Hao ni tongo waliozalishwa Japani kwa vizazi vingi, na sifa yao kubwa ni ulezi: ukiwapa yai la ndege mwingine wataliatamia, na kinda akitoka watamlisha kama wao. Makinda wa finchi walilelewa humo mpaka wakakua. Walipoanza kuimba, waliimba wimbo wa tongo. Na si kwamba hawakuwahi kusikia wa kwao, kwani ndani ya chumba hicho hicho madume wa finchi pundamilia walikuwa wakiimba kutwa. Wale vijana waliwasikia, ila walimfuata yule aliyewatia chakula mdomoni.

Hilo ndilo linalonigusa zaidi katika habari nzima ya ndege hawa. Kinda hachagui mwalimu kwa kufanana naye sura. Humchagua kwa ukaribu. Ndiyo maana kumwekea kijana rekodi ya wimbo kwenye simu, jambo ambalo wafugaji wengi hulijaribu kwa nia njema, huzaa matunda haba. Sauti inayotoka tu spikani bila ndege kuonekana wala kujibu, finchi mchanga hujifunza kwayo vibaya. Anataka mwalimu aliye hai, anayemgeukia na kusimama naye kijiti kimoja.

Masomo yenyewe huenda kwa hatua. Kinda hutoka kiotani akiwa na siku 18 hadi 20, mdomo wake bado mweusi kama mkaa, mkia mfupi, akiomba chakula kwa kelele na shingo iliyopindwa. Kuanzia kama siku ya 25 masikio yake yanafunguka kwa jambo jipya: anaanza kuuhifadhi wimbo wa baba. Haimbi bado. Anasikiliza tu. Ukiangalia vizuri utamwona baba anaimba, na kijana amesogea karibu, amenyamaza, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Muda huo wa kuhifadhi huendelea mpaka siku ya 65 hivi.

Kabla haujaisha, kati ya siku ya 30 na 40, anaanza kujaribu. Hapa mfugaji asiyejua hudhani ndege wake anaumwa. Kijana hujitenga pembeni ya tundu, manyoya ameyatimua kidogo, macho nusu yamefumba, koo linatetema, na sauti inayotoka ni mnong'ono usio na mpangilio, kama mtu anayesoma huku usingizi umemzidi. Sogea, tega sikio. Huo ndio wimbo ukiwa bado mchanga. Ni sawa na mtoto mchanga anayesema "ba-ba-ba" peke yake kitandani. Anajisikiliza, analinganisha na kile alichokihifadhi, anarekebisha. Wiki hadi wiki sauti zinajitenga, zinapata umbo na kupangika. Akifika siku ya 90 hivi, mdomo umeshakuwa mwekundu, mashavu yamejaa rangi, na wimbo umeganda.

Katika kipindi hicho kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolisoma. Mwaka 2005 watafiti waliorekodi uimbaji wa vijana hawa tangu siku ya kwanza ya mazoezi waligundua kwamba kila asubuhi, baada ya kulala, kijana huimba vibaya kuliko alivyoimba jioni iliyotangulia. Sauti alizozipanga jana zimelegea. Mchana kutwa anazijenga upya, jioni ziko sawa, kesho asubuhi zimebomoka tena. Na wale ambao wimbo wao ulibomoka zaidi asubuhi ndio waliokuja kuiga vizuri zaidi mwishowe. Miaka mitano kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Chicago, ilikuwa imeonekana kwamba finchi aliyelala, seli za ubongo wake zinazotawala uimbaji huwaka kwa mpangilio ule ule wa wakati anapoimba. Ndege amelala kimya, mdomo umefumbwa, na kichwani wimbo unapita.

Kwa hiyo giza la usiku kwa kijana wa finchi ni sehemu ya darasa. Tundu linalowekwa sebuleni karibu na televisheni, taa ikiwaka mpaka saa sita za usiku, linamnyima usingizi ndege aliye katikati ya masomo. Mpe giza na utulivu kwa jumla ya saa kumi au hata kumi na mbili kila usiku. Kitambaa chepesi kinachopitisha hewa kinatosha kufunika tundu, lakini kimfikie kwa saa ile ile kila siku.

Sababu ya wanasayansi kumng'ang'ania ndege wa gramu 12 ni kwamba viumbe wanaojifunza sauti kwa kuiga ni wachache. Binadamu tumo, na nyani walio karibu nasi kwa damu hawatufikii hata kidogo katika hilo. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni iitwayo FOXP2, ambayo ikiharibika mtu hupata shida kubwa ya kutamka. Finchi pundamilia naye anayo. Mwaka 2007 watafiti mjini Berlin waliipunguza nguvu katika sehemu ya ubongo ambayo vijana hutumia kujifunzia wimbo. Vijana hao waliiga kwa makosa, wakiruka sauti na kuzivuruga nyingine. Mwaka 2010 jenomu ya ndege huyu, yaani mkusanyiko wote wa jeni zake, ilitangazwa, na miongoni mwa ndege aliyekuwa ametangulia ni kuku peke yake.

Na mama? Nimesema haimbi. Lakini yumo darasani. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, vijana waliokuwa wakijaribu wimbo walionyeshwa video ya jike akijitutumua manyoya, ishara ya jike aliyependezwa. Wengine waliiona video pale tu walipoikaribia sauti ya baba. Wenzao waliona video ile ile, kwa idadi ile ile, ila bila uhusiano na walichoimba. Wale wa kwanza walijifunza vizuri zaidi. Kutikisa manyoya kwa nukta moja ya mama kunamwambia mwana "hapo hapo umepata".

Tena mazungumzo ya wazazi huanza mapema kuliko hapo. Mwaka 2016 watafiti huko Australia walieleza kwamba wazazi hawa, joto likipita nyuzi 26 na mayai yakiwa katika siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, hutoa mlio wa pekee juu ya mayai. Makinda waliousikia wakiwa ndani ya ganda walikuwa na miili midogo zaidi pale kiota kilipokuwa cha moto, na mwili mdogo hupoteza joto upesi.

Basi anayefuga ndege hawa, na akawaacha wazae, ameshika shule mkononi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni haraka. Kinda akishaweza kumenya mbegu mwenyewe, kwenye siku ya 35, huhesabiwa kuwa amekomaa, anatolewa na kupewa mtu au kuwekwa peke yake. Kula anajua, kweli. Lakini yuko katikati ya somo, na wimbo ameuhifadhi nusu. Mwache na baba yake angalau mpaka siku ya 60, na ukiweza mpaka 90. Usipitishe sana hapo, kwa sababu akishakomaa anaweza kuzaa na dada zake.

Tatizo ni kwamba baba mwenyewe huweza kuwa mkali. Akitaka kuatamia tena, huwafukuza vijana na kuwadonoa manyoya ya mgongoni. Dawa yake ni kuondoa kiota. Bila kiota na bila nyuzi za kujengea, hamu ya kuzaa hupungua na nyumba hutulia. Isipotulia, tia kizuizi cha waya katikati ya tundu, vijana wabaki wakimwona baba na kumsikia kwa karibu. Tundu liwe refu la kwenda upande, si la kwenda juu, maana finchi huruka kwa mlalo. Kwa jozi moja mita moja ya urefu inawafaa.

Kuondoa kiota kunamwokoa mama pia. Jike mwenye kiota wakati wote hutaga mfululizo, mayai manne mpaka sita kila mara, na kila ganda linachota chokaa mwilini mwake. Ikipungua, yai hukwama. Utamkuta amekaa chini ya tundu, amevimba, anatweta, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Mwekee mfupa wa ngisi siku zote, na maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Chakula cha msingi ni mchanganyiko wa mbegu ndogo za jamii ya uwele, majani mabichi yaliyooshwa, na yai lililochemshwa wanapolisha makinda. Maji yabadilishwe kila siku, na wapewe chombo cha kuogea. Tundu lisikae karibu na jiko: mvuke wa vikaango vyenye utando wa kuzuia kushika, vikipata moto kupita kiasi, huwaua ndege wadogo kwa dakika chache, na wewe uliyesimama hapo huenda usisikie chochote.

Kijana aliyefika kwako bila baba, mtafutie dume mzima mtulivu awe jirani yake. Si lazima wawe damu moja. Immelmann alishatuonyesha hilo. Harakisha tu, ingawa kijana aliyekosa mwalimu kabisa mlango wake huchelewa kidogo kufungwa.

Na yule ambaye muda umempita? Dume aliyelelewa bila kusikia dume mwingine huimba hata hivyo, ila wimbo wake ni wa ajabu: sauti ndefu kupita kiasi, zenye mikwaruzo, zilizopangwa ovyo. Usimtupe. Mwaka 2009 watafiti walitangaza walichokiona walipowafanya madume wa namna hiyo kuwa walimu. Wanafunzi wao waliuiga wimbo huo mbovu, lakini kila mmoja aliurekebisha kidogo bila kufundishwa, akiifupisha sauti hapa, akiipanga pale. Nao walipofundisha wengine, marekebisho yakaongezeka. Kufikia kizazi cha tatu na cha nne, vijana walikuwa wakiimba karibu sawasawa na finchi wa mwituni, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwasikia.