Kabla Hujalikata Shati la Marehemu: Kushona Mfarishi wa Nguo za Kumbukumbu

Mfarishi wa kumbukumbu ni kifuniko cha tabaka tatu: juu miraba iliyokatwa kwenye nguo za mtu, katikati pamba, nyuma kitambaa. Mingi huharibikia mezani, kabla hata cherehani haijaguswa. Fulana huvutika, shati la pamba halivutiki, tai ya hariri imekatwa mshazari, na zote zinatakiwa ziwe miraba ya ukubwa mmoja na zibaki hivyo. Ukishazituliza nguo hizi zikawa na tabia moja, kinachobaki ni mishono iliyonyooka, na hiyo hata mwanafunzi wa cherehani anaiweza.

Anza na hesabu, mkasi ukae mbali. Kipimo ninachokipendekeza kwa anayeanza ni miraba 20, minne kwa upana na mitano kwa urefu. Kila mraba hukatwa inchi 13 kwa 13. Nusu inchi kila upande huliwa na mshono, kwa hiyo unabaki na inchi 12, na mfarishi mzima unatoka inchi 48 kwa 60: wa kujifunika kwenye kochi, si wa kitanda kikubwa. Wanaoshona mifarishi ya pamba tupu huacha robo inchi tu. Kwa fulana hiyo ni kubahatisha, maana ukingo hujikunja chini ya mguu wa cherehani na mshono unakosa kushika kitambaa cha chini. Nguo za mtoto mchanga hazitoi inchi 13. Hizo zikate vipande vya inchi 5, ambavyo vikishonwa hubaki inchi 4. Vipande tisa, vitatu kwa vitatu, vinafanya mraba mmoja unaolingana na mingine.

Fua kila kitu kwanza, hata kilicho safi, na usitie dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo huacha utando unaozuia gundi kushika. Nguo nyekundu na za bluu iliyokolea zipime: weka kitambaa cheupe kilicholoweshwa juu yake, kandamiza kwa pasi ya moto, kisha kiangalie. Kikipata rangi, nguo hiyo ifuliwe peke yake mpaka iache kuchuja, la sivyo itachafua shati jeupe la jirani yake mfarishi utakapofuliwa. Kuna wanaotaka harufu ya mtu wao ibaki. Haitabaki. Ni bora kuwaambia mapema watenge nguo moja isifuliwe wala isikatwe.

Sasa gundi. Kila nguo inayovutika, yaani fulana, jezi na nguo nyingi za watoto, inahitaji kitambaa chepesi cha gundi nyuma yake, kile kinachogandishwa kwa pasi kama cha kwenye kola. Kata fulana kwa ukubwa wa kubahatisha kwanza, kama inchi 15 kwa 15, picha ikiwa katikati. Kitambaa cha gundi nacho huwa na upande unaovutika kidogo na upande mgumu. Fulana huvutika zaidi kwa upana, basi upande mgumu ulale kwa upana wa fulana. Wengi hupuuza hatua hii, kisha wanashangaa kwa nini mistari ya mfarishi inatoka na mawimbi.

Pasi usiiburute. Inyanyue na kuikandamiza, sekunde 10 hadi 15 kila mahali, kwa upande wa nyuma, halafu uache kipande kipoe palepale kilipo. Ukikinyanyua kikiwa cha moto, gundi bado ni laini na kitambaa kitavutika nayo. Viputo vikijitokeza baadaye, ama joto lilikuwa dogo, ama ulitembeza pasi haraka, ama gundi ilisinyaa. Picha za plastiki zilizochapwa juu ya fulana huyeyuka na kunata kwenye pasi, kwa hiyo mbele pasipigwe pasi bila kitambaa cha pamba katikati.

Baada ya hapo ndipo unakata inchi 13 kamili, kwa rula pana ya plastiki na kisu cha gurudumu. Usifuate mshono wa ubavuni wa fulana, kwa sababu fulana nyingi hujipinda zikifuliwa na mshono huo huishia kukaa upande. Fuata vimistari vidogo vya ufumaji vinavyoshuka wima. Ukiinama karibu utaviona. Picha ikiwa imechapwa kombo, na hutokea sana, chagua kati ya picha iliyonyooka na kitambaa kilichonyooka. Mimi huchagua picha, maana gundi itazuia kitambaa na jicho halitaisamehe picha iliyolala upande.

Tai ifumue, toa kitambaa cha ndani, nayo uipige gundi. Jinzi haihitaji gundi, ila usiweke miraba miwili ya jinzi bega kwa bega: pembe zinapokutana unene unakuwa mkubwa na sindano inavunjika. Mfuko wa shati uache ulivyo. Sehemu ya vifungo vya mbele nayo hupendeza sana; funga vifungo, shona ukingo wake usifunguke, na hakikisha hakuna kifungo kilicho chini ya inchi moja kutoka mstari wa kukata, la sivyo mguu wa cherehani utakipanda. Kama mfarishi ni wa mtoto mdogo, ng'oa vifungo vyote, kwani vinaweza kumkaba.

Kwa kushona, tumia sindano namba 90 yenye ncha ya mviringo kwenye fulana. Ya ncha kali hukata nyuzi na kuacha vitundu vinavyopanuka. Unganisha miraba kwa safu, kisha safu kwa safu, na kila mshono uufungue kwa pasi pande mbili badala ya kuulaza upande mmoja. Fulana yenye gundi ni nene, na ikilazwa upande mmoja huacha tuta.

Kitambaa cha nyuma kizidi inchi 4 kila upande, yaani inchi 56 kwa 68. Kama kitambaa chako kina upana wa inchi 44, utalazimika kuunga. Ukiunga kwa mshono wa wima, unahitaji vipande viwili vya inchi 68, jumla 136. Ukiugeuza mshono ulale mlalo, vipande viwili vya inchi 56 vinatosha, jumla 112. Tandaza kitambaa cha nyuma uso ukiwa chini, ubandike kingo zake mezani kwa utepe wa gundi, weka pamba ya katikati, kisha miraba yako juu. Piga bandi ya uzi au tumia pini za kufunga, moja kila inchi 4, ukianzia katikati kwenda nje.

Hapa kuna mtego. Pamba nyingi za kujazia zinataka kushikwa kila baada ya inchi 8 hadi 10, kwa mishono inayopita tabaka zote tatu, na mraba wako una inchi 12. Ukishona kwenye mistari ya viungo peke yake, pamba itajikusanya mabonge baada ya kufuliwa mara chache. Lakini huwezi kupita juu ya picha ya plastiki, kwa kuwa mguu wa cherehani hunata na matundu ya sindano hayazibiki kamwe. Shona kuizunguka picha, nusu inchi kutoka ukingo wake, kwa kishono kirefu kidogo cha milimita 3. Picha ikiwa imejaa mraba mzima, tafuta pamba ambayo maelezo yake yanaruhusu nafasi ya inchi 12.

Kwa pindo, yaani utepe wa kitambaa unaofunika kingo za mfarishi, mzunguko ni inchi 216. Vipande 6 vya upana wa inchi 2 na nusu, vikikatwa kwa upana wote wa kitambaa cha inchi 44 na kuungwa mshazari, vinatosha na chenji inabaki. Kabla ya kulifunga, shonea kwenye kona ya nyuma utepe wa pamba ulioandikwa nguo zilikuwa za nani na mwaka.

Ufuliwe kwa maji baridi na uanikwe ukiwa umelazwa kivulini. Ukitundikwa ukiwa umelowa, uzito wa maji unavuta mishono. Uhifadhiwe ndani ya foronya ya pamba, si mfuko wa plastiki, na kila baada ya miezi michache ukunjwe kwa mikunjo mipya ili picha zisipasuke pale pale zinapokunjwa.