Ni Ile Pumzi Inayofuata

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu aliyekwisha kuzamia zaidi ya mara 50, kwamba mzamiaji akishikwa na kichefuchefu chini ya maji anapaswa kuitoa mdomoni regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia kinacholeta hewa kutoka kwenye mtungi, atapike, kisha airudishe, kwa sababu matapishi yataiziba na kumkosesha hewa. Aliyasema hayo mbele ya wanafunzi wangu wawili waliokuwa wakifunga mikanda ya uzito, nao wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa jambo lenyewe linaingia akilini. Nani anataka kutapikia chombo anachopumulia? Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka, kwa hiyo sasa naliandika.

Kosa lao ni kuyafikiria matapishi na kuisahau pumzi. Mtu anapotapika, misuli ya tumbo na kiwambo hubana, njia ya hewa hujifunga, kilichomo tumboni hutoka, na mara tu koromeo linapofunguka mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Pumzi hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Kila aliyewahi kuugua tumbo nchi kavu anaijua: ni ule mhemo mkali unaokuja kati ya tapishi moja na jingine, na sijakutana na mzamiaji, hata awe mtulivu namna gani, aliyeweza kuuzuia kwa nia. Aliyeitoa regyuleta huivuta pumzi hiyo mdomo ukiwa wazi majini. Maji yakifika kwenye koromeo, linaweza kukakamaa na kujifunga, na mtu asiyeweza kupumua hukimbilia juu. Kutoka mita 10 hadi usoni pa maji shinikizo hupungua kwa nusu, kwa hiyo hewa iliyofungiwa mapafuni hudai nafasi mara mbili ya ile iliyokuwa nayo. Yaani aliyekuwa akikihurumia kifaa huishia kuyaweka rehani mapafu yake.

Kwa hiyo regyuleta inabaki mdomoni. Mate yakianza kujaa na jasho jembamba likakutoka hata ndani ya maji ya baridi, mwashirie mwenzako, shika mwamba au kamba ili usipande bila kujua, kisha ikamate regyuleta kwa mkono mzima, kwa maana mkazo wa kutapika unaweza kuirusha nje. Tapikia humo humo. Kati ya mkazo mmoja na mwingine bonyeza kitufe cha kupuliza, kile kilicho mbele ya regyuleta kinachosukuma hewa na kuisafisha, na pumzi ya kwanza ivute polepole, ulimi ukiwa umeinuliwa kuelekea kaakaa ili uzuie mabaki yasiingie kooni. Kisha bonyeza tena. Samaki watafika kabla hujamaliza, waache wale.

Sasa nikiri sehemu ambayo vitabu vya mafunzo hupenda kuipita haraka. Vali ya kutolea hewa ni kisahani chembamba cha mpira laini. Kioevu hupita pale bila taabu, lakini kipande cha chakula ambacho hakikutafunwa vizuri kinaweza kukwama ukingoni na kuiacha vali wazi kidogo, na hapo kila unapovuta hewa unavuta na maji. Kwa hiyo anayehofia kuziba hasemi upuuzi mtupu. Ila jibu la hofu yake ni regyuleta ya akiba inayoning'inia kifuani pake, ambayo anapaswa kuishika mkononi mapema. Wako wakufunzi ninaowaheshimu wanaofundisha njia ya kati: regyuleta isogezwe pembeni mwa mdomo, kitufe kikiwa kimebonyezwa muda wote, ili midomo ipate mkondo wa hewa badala ya maji. Mimi siwafundishi njia hiyo wanaoanza, kwa sababu inadai mambo mawili yafanywe kwa usahihi wakati ambapo mwili haukusikilizi. Hata hivyo, siku iliponikuta mwenyewe niliitumia hiyo hiyo, ikanifaa, na sithubutu kusema ulikuwa ustadi.

Kwa wanaotumia kinyago cha uso mzima mambo ni mengine: kivue, utumie regyuleta ya akiba, na ujizoeze kufanya hivyo kabla ya siku ya haja.

Utasikia pia kwamba ukishuka tu kigegezi kitaisha. Ni nusu ya ukweli. Mwendo wa mawimbi hufifia kadiri unavyoshuka, hata ukafika kina cha nusu ya urefu wa wimbi karibu umekwisha. Kwa hiyo vijiwimbi vya upepo unaviacha mita chache tu, lakini mawimbi marefu yatokayo mbali yatakuyumbisha hata kwenye mita 15. Anayetapika akiwa bado juu ya mashua asizamie, hata kama ameshalipia. Dawa za kichefuchefu nyingi humezwa mapema, kabla ya chombo kung'oa nanga, na nyingi huleta usingizi, kwa hiyo zijaribu kwanza siku usiyozamia.

Linalonikosesha usingizi ni kutapika baada ya kutoka majini. Watu hucheka, humpa mgonjwa maji ya kunywa na kusema bahari imemlevya. Ikiwa kutapika huko kumekuja na kizunguzungu kikali, masikio kuvuma au kusikia kupungua upande mmoja, huenda ni viputo vya gesi katika sikio la ndani, au ni jeraha la sikio hilo lililotokana na kulazimisha masikio kusawazika na shinikizo la maji, na ukiwa chomboni huna namna ya kutofautisha. Mlaze, mpe oksijeni safi, piga simu kwa daktari wa uzamiaji, na umweleze kina mlichofika na muda mliokaa chini.