Uzi wa nailoni kwenye shavu la samaki

Mnunuzi mzoefu hanunui sato kabla ya kumfunua shavu. Akikuta matamvua mekundu, ndipo anaulizia bei. Wekundu ule ni damu inayoonekana kupitia utando mwembamba mno, na wembamba huo ndio unaomwezesha samaki kupata hewa iliyomo majini. Ndio pia unaomponza.

Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Sayansi ya Bahari ya Virginia, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la samaki aina ya trauti. Kwa wiki nne kundi moja liliishi kwenye maji yenye chembe za plastiki iitwayo polistaireni, jingine nyuzi fupi za nailoni, ambayo nayo ni plastiki, jingine nyasi za pwani zilizosagwa. Kisha baadhi yao wakaambukizwa kirusi cha IHN, muuaji wa siku nyingi kwenye mabwawa ya trauti. Walioathirika zaidi ni wa nailoni, na vifo viliendana na wingi wa virusi mwilini. Inaelekea uzi hukera na kukwaruza matamvua, ukaacha upenyo. Kirusi hakihitaji zaidi ya hapo.

Plastiki hubeba vijidudu pia. Ukiokota dumu lililokaa ziwani, mkono unakuta utelezi: ni bakteria na mwani waliojijengea makazi. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, kilionyesha kwamba virusi vya rota, vile vinavyoharisha watoto, vinaweza kudumu siku 3 vikiwa vimenata kwenye vipunje vya plastiki vyenye utelezi huo. Kirusi chenye gamba la mafuta, kilichojaribiwa sambamba, kilikufa upesi.

Na binadamu? Kwenye seli zilizooteshwa maabara, chembe za polistaireni zimeonekana kukisaidia kirusi cha mafua kuingia. Lakini seli si mtu. Atakayekuambia mafua yako yameletwa na plastiki, huenda ana dawa ya kukuuzia.

Kwetu Ziwa Victoria, utafiti uliochapishwa 2016 ulipima sangara na sato walionunuliwa Mwanza: samaki 1 kati ya 5 alikuwa na plastiki tumboni. Matumbo ya hao hutupwa. Dagaa huliwa mzima, kwa hiyo mimi ningeanza kuchunguza dagaa. Na nyavu zinaposhonwa mwaloni, vile vipande vya uzi wa nailoni vinavyokatwa kwa wembe vitiwe kwenye kiroba, maana upepo wa usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani.