Lithografu ya toleo lenye kikomo ni nini?

Mtu anayekuta kwenye ukuta wa nyumba au ofisi ya Dar es Salaam karatasi yenye mabaka meusi na mistari iliyorushwa kwa nguvu, na chini yake namba kama 27/75 iliyoandikwa kwa penseli, huwa na maswali mawili: picha hiyo ni ya nini, na ikiwa zipo nyingine 74, kwa nini inauzwa kwa bei ya kazi halisi?

Lithografu ni picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe. Mbinu hiyo ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1790, na msingi wake ni jambo analolijua kila mpishi, kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Msanii huchora kwa chaki au wino wenye mafuta juu ya bamba la jiwe la chokaa lililosuguliwa. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mti wa jamii ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo, na hulowanishwa maji. Rola ya wino inapopita, wino hushika palipochorwa na kukataa palipolowa. Karatasi hulazwa juu yake na kukandamizwa, na picha hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto, kama maandishi ya mhuri. Picha hiyo haikuwahi kuwa mchoro wa turubai uliopigwa picha na kunakiliwa. Ilizaliwa kwenye jiwe, na kila karatasi iliyotoka hapo ni kazi halisi.

Ama mabaka na mistari iliyorushwa, hiyo ni dalili ya ekspreshonizimu dhahania, mkondo wa sanaa uliositawi New York katika miaka ya 1940 na 1950, ukiwa na wachoraji kama Jackson Pollock na Willem de Kooning. Picha zake si za mtu, mti wala nyumba; kinachoonekana ni alama za mkono uliokuwa ukichora. Inashangaza kidogo kwamba watu waliothamini tendo la papo hapo walikubali kazi ya taratibu ya matbaa, lakini jiwe halichongwi, hivyo brashi huteleza juu yake kwa uhuru karibu sawa na kwenye turubai. Mwaka 1960, huko Berkeley, de Kooning alichora juu ya jiwe kwa kutumia kitu kama fagio la kupigia deki. Mwaka huohuo June Wayne alianzisha karakana ya Tamarind mjini Los Angeles ili kufundisha wachapaji, kwa kuwa ufundi huo ulikuwa ukififia Marekani.

Sasa turudi kwenye namba. Mchoraji wa Tingatinga pale Oysterbay akiona picha ya chui inapendwa, huichora tena kila inapoagizwa, na hakuna anayemlaumu. Toleo lenye kikomo ni ahadi ya kinyume chake: karatasi 75 zikishatoka, mchoro husuguliwa ukafutika kwenye jiwe au hupigwa mstari wa kuubatilisha. Namba 27 hutambulisha karatasi hiyo miongoni mwa wenzake. Si lazima iwe ilichapwa ya 27, wala namba 1 si bora kuliko 70. Herufi A.P. huonyesha nakala chache za msanii mwenyewe, zisizohesabiwa ndani ya zile 75.

Kabla ya kulipa, chukua kioo cha kukuzia. Bango la kawaida la ofseti, yaani lililochapwa kwa wingi kwa mashine, huonyesha vitone vidogo vilivyopangwa kwa mpangilio uleule, hali lithografu ya mkono huonyesha chembechembe zisizo na mpango, kama chaki juu ya ukuta wa saruji. Sahihi pia ikaguliwe, maana penseli huacha mng'ao mwepesi na mkwaruzo ambao sahihi iliyochapwa haina. Na ukiipeleka kwa fundi wa fremu, mwambie mapema asikate ukingo mweupe ili karatasi ienee kwenye kioo alichonacho, kwa sababu namba na sahihi mara nyingi huwa kwenye ukingo huo.