Nyama bila ugali: maswali kuhusu tomato, ukwaju na kachumbari

Mtu anayepunguza wanga jijini Dar es Salaam huanza kwa kuacha ugali, wali na chipsi, kisha hubaki na mishkaki, kuku wa kuchoma au rosti ya ng'ombe, pamoja na kitu cha kuchovyea. Maswali haya yanahusu hicho cha kuchovyea, ambacho watu husahau kukihesabu.

Je, sosi kidogo inaweza kuharibu mlo wa wanga kidogo?

Inategemea hicho "kidogo" ni kiasi gani. Kijiko kimoja cha chakula cha tomato ya chupa huwa na takribani gramu 4 za sukari, sawa na kijiko kimoja cha chai, na kwa mtu mzima kiasi hicho hakina neno. Tatizo ni kwamba kwenye banda la mishkaki hakuna anayepima kwa kijiko: chupa laini ya plastiki yenye tundu kwenye kifuniko hubinywa, mchirizi mwekundu ukazunguka sahani mara tatu au nne, na kabla mishkaki haijaisha chupa inaombwa tena. Vijiko vinne ni gramu 16 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kwa hiyo sahani moja imekwisha kuchukua zaidi ya nusu ya kiwango hicho cha chini. Sosi za babikyuu kwa kawaida huwa na sukari nyingi kuliko tomato.

Sosi ya ukwaju ni chachu. Sukari yake inatoka wapi?

Inatoka kwenye ukwaju wenyewe. Gramu 100 za nyama ya ukwaju zina takribani gramu 60 za wanga, na sehemu kubwa ya wanga huo ni sukari, ila ulimi hauitambui kwa sababu asidi ya tunda hilo ni kali mno. Mpishi naye, akiona uchachu umezidi, huongeza sukari ili kuupooza. Sisemi ukwaju uachwe, maana ladha yake kwenye nyama ya mbuzi ni vigumu kuipatia mbadala. Ninachoshauri ni kuukoroga mwepesi, bila sukari, na kutumia kijiko kimoja au viwili. Anayetaka uchachu tu atumie ndimu, kwa kuwa maji ya ndimu nzima hayafikishi gramu 4 za wanga.

Nitengeneze nini nyumbani?

Kachumbari ndiyo ya kwanza, nayo haihitaji kupimwa: gramu 100 za nyanya zina takribani gramu 4 tu za wanga. Jambo la kuangalia ni kitunguu, ambacho wengi wetu hukifikicha kwa chumvi ili kuondoa ukali. Kisuuzwe kwa maji mengi hadi chumvi itoke. Njia nyingine ni kuweka nyanya mbili na pilipili kwenye jiko lile lile la mkaa, kuzigeuza mpaka ngozi ipasuke na kuungua kidogo, kisha kuzitwanga kwenye kinu pamoja na kitunguu saumu na kukamulia ndimu. Chachandu hiyo huwa nzito bila kuongezwa kitu. Kwa rosti, achana na unga wa ngano au wa mahindi wa kuongeza uzito, ambao kila kijiko chake cha chakula huleta gramu 6 au 7 za wanga. Acha sufuria wazi, nyanya zikauke zenyewe.

Vipi kuhusu mayonesi na tui la nazi?

Mayonesi ya kawaida karibu haina wanga, lakini kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori 90 hadi 100. Tui zito nalo lina mafuta mengi ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, hivyo kwa matumizi ya kila siku tui jepesi linafaa zaidi.

Je, sosi isiyo na sukari ni salama kwa mwenye presha?

Si lazima. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, ilhali kiwango kinachoshauriwa kwa siku nzima ni chini ya gramu 5.

Nina kisukari na ninatumia dawa. Je, nianze tu?

Hapana, muone daktari kwanza. Insulini na vidonge kama glibenklamidi huendelea kushusha sukari hata pale wanga ulipopungua, na dozi isipopunguzwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Ukitokwa na jasho la ghafla, ukatetemeka na moyo kwenda mbio, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe mara moja, kisha upime sukari tena baada ya dakika 15. Ikiwa haijapanda, rudia na uelekee kituo cha afya.