Chevelle ya 1972 haikupoteza nguvu farasi 95

Wapenzi wa Chevrolet Chevelle SS, gari la Kimarekani lenye injini kubwa, hurudia kwamba injini yake ya 454 (ukubwa wake kwa inchi za ujazo) ilidhoofishwa ghafla: nguvu farasi 365 mwaka 1971, kisha 270 mwaka 1972. Kilichobadilika hasa ni kipimo. Zamani injini ilipimwa ikiwa tupu kwenye stendi ya kupimia, bila kichujio cha hewa, feni wala ekzosi ya gari. Kipimo kipya kilitaka vyote vifungwe. Kwa kipimo hicho, ile ya 1971 ilitoa 285, kwa hiyo pengo halisi ni 15. Mgandamizo, yaani kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda, ulikuwa umeshashushwa 1971, kutoka 10.25:1 hadi 8.5:1, ili injini ikubali petroli yenye madini ya risasi kidogo. Mnunuzi asiikimbie ya 1972 kwa namba ya 270; akague kwanza kama injini ni ya asili.